Kelele Mbili za Herborg

Gudleik alikuwa mtu wa maneno machache. Ukikutana naye njiani ukamwambia leo kuna baridi, alikutazama wewe, akautazama mlima, akakubali kwa kichwa, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yenu ya wiki nzima. Watu wa ziwa letu si wasemaji, lakini hata sisi tulimwona amezidi. Mkewe, Herborg, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na bado akabaki na maneno ya kuwagawia majirani.

Shamba lao liko upande wa kaskazini wa ziwa, chini kabisa ya mlima: nyumba nyeupe, ghala lenye dari ya kuhifadhia nafaka, na kibanda cha mawe cha kupikia pombe kando ya kijito. Ng'ambo, upande wa kusini, tuko sisi wenye mashamba manne, na aliye karibu zaidi ni Synneva, mjane, anayeishi na kaka yake Anfinn. Kuvuka kwa mashua ya makasia ni dakika kumi ikiwa Anfinn hana habari ya kusimulia. Akiwa nayo ni robo saa, kwa sababu anaachia makasia ili apate mikono ya kuisimulia.

Herborg aliolewa akitokea bonde la nyuma ya mlima. Alikuja na sanduku la nguo, kondoo wawili, na pete ya chachu. Pete yenyewe ni vipande vidogo vya mti vilivyochongwa na kuunganishwa mviringo, vyenye mianya mingi, ukubwa wa sahani. Pombe inapoumuka unaitumbukiza pete kwenye povu, unaitoa imejaa chachu, unaitundika ukutani ikauke. Safari nyingine unapopika unailowesha, na chachu inaamka. Mama yake Herborg alifanya hivyo, na bibi yake, na waliomtangulia bibi. Baadaye bonde lile likafunikwa na maji ya bwawa la umeme, watu wake wakatawanyika mijini, na kilichobaki cha nyumba ile kikawa pete ile tu. Sisi wa ziwani tuliziacha chachu zetu zilizochoka, tukawa tunakwenda kuomba kwa Herborg. Hakumnyima mtu. Alikumegea kikombe cha povu pamoja na ushauri wa saa nzima.

Kazi ya pombe waligawana. Gudleik alichanja kuni, alikata matawi ya mreteni, kile kichaka cha mlimani chenye harufu kali, alichemsha maji, alichuja. Herborg alikuwa na kazi mbili tu. Ya kwanza, kuingiza kiwiko kwenye togwa, yale maji matamu ya kimea, na kusema kama limefikia joto la maziwa yanayotoka kiweleni. Ya pili, kupiga chachu.

Kupiga chachu si kuipiga kwa mkono. Kwetu humimini chachu kimya kimya. Unaimimina huku unapiga ukelele, ule wa kutoka tumboni, kwa sababu chachu imelala, na ukiiamsha kwa kunong'ona itaamka nyong'onyevu na pombe itakuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Herborg alikuwa na ukelele wa kuwafanya kondoo waache kula. Siku ziwa limetulia ulivuka wote mpaka kwetu, haukupungua hata chembe, na kila aliyekuwa shambani aliinua kichwa akasema, "Herborg kapiga chachu." Hapo tulianza kuhesabu: kesho, keshokutwa. Jioni ya siku ya tatu tulipanda mashua, kila mtu na kikombe chake cha mbao, tukaenda kuonja. Hakuna aliyealikwa. Ukelele ndio uliokuwa mwaliko.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi wa kumi.

Jumapili, nje ya kanisa, Herborg alimwambia Synneva kwamba wiki ile angepika pombe ya msimu wa kuchinja kondoo. Jumanne asubuhi Gudleik alipanda msituni, juu ya nyumba, kukata kuni kwa msumeno wa mota. Herborg naye akapanda ngazi ya ghala kuteremsha gunia la kimea. Ngazi ikateleza. Alianguka kwenye sakafu ya mawe, nyonga ikavunjika, na ndani mwake kikapasuka kitu kingine ambacho macho hayakukiona. Alipiga ukelele. Baada ya kitambo akapiga tena.

Ng'ambo, Synneva alikuwa anavuna viazi. Aliposikia mara ya kwanza alitabasamu. Aliposikia mara ya pili alicheka kwa sauti, akamwita kaka yake.

"We Anfinn! Umesikia? Leo kapiga mbili."

"Mbili?" Anfinn akasema. "Basi hiyo pombe itatulaza ndani ya mashua."

Wakaendelea na viazi.

Gudleik aliteremka saa tisa mchana, akamkuta mkewe hana fahamu. Alimbeba mpaka barabarani, daktari akaja na gari lake, wakaenda naye hospitali ya mjini. Fahamu hazikumrudia. Alhamisi alfajiri akafa. Daktari wa kule alisema kwamba angefikishwa mapema kwa saa nne huenda angepona, na huenda asingepona, hakuna ajuaye. Gudleik aliichukua nusu ya kwanza ya maneno hayo, hiyo nyingine akaiacha palepale hospitalini.

Alirudi nyumbani siku hiyohiyo kwa basi, peke yake. Hakumwambia mtu, angemwambia nani, na kwa maneno gani? Alikuwa hajavua hata koti lake la kanisani aliposikia vicheko kwenye gati. Ilikuwa jioni ya siku ya tatu. Tulikuja watu kumi na mmoja katika mashua mbili, vikombe mikononi, Anfinn mbele anaimba. Gudleik akatoka akasimama mlangoni.

"Mmefuata nini?"

"Ati mmefuata nini!" Anfinn akatugeukia, akicheka. "Mzee, usitubanie. Si tumesikia chachu juzi? Tena mbili!"

 Mpaka dakika ile Gudleik hakujua kwamba mkewe aliita.

"Mlimsikia," akasema.

"Nani hakusikia? Ziwa zima lilisikia!"

"Herborg amekufa leo alfajiri," Gudleik akasema, akafunga mlango.

Tulirudi na vikombe vikavu. Safari ile hata Anfinn hakuachia makasia.

Kwenye maziko Gudleik alishika mikono ya watu wote, mmoja baada ya mwingine. Ilipofika zamu ya Synneva, akatia mikono yake mfukoni. Hakumtukana, hakumlaumu, aliangalia tu pembeni mpaka yule mama akasogea. Tangu siku ile hakusema neno na mtu yeyote wa upande wetu. Utasema hata zamani alikuwa hasemi. Ni kweli, lakini kuna kunyamaza na kunyamaza, na sisi tuliokulia kwenye ukimya tunajua tofauti yake.

Krismasi ile hakuna aliyepika pombe ziwa zima. Chachu ilikuwa ukutani kwa Gudleik, na nani angekwenda kuiomba? Tulikunywa bia ya dukani, ya chupa, ambayo mimi naiita maji yenye kiburi. Na hata angekuwepo mtu mwenye chachu yake, asingethubutu kupiga ukelele juu ya maji yale. Tulichokuwa tunakisikia kutoka ng'ambo ni shoka la Gudleik tu, ko, ko, ko, asubuhi mpaka jioni. Msumeno wa mota aliutundika ghalani na hakuugusa tena, majira yote ya baridi. Tukasema mzee anabana petroli.

Binti yao, Eldrid, ambaye ni mwalimu mjini Bergen, alimpigia simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Ndivyo walivyokwenda kwa miezi. Kisha theluji ikayeyuka, kondoo wakapandishwa milimani, na Jumapili moja ya mwezi wa sita Eldrid akauliza jambo jingine.

"Baba, ile pete ya mama bado ipo?"

"Ipo."

"Mwaka unaisha, unajua."

Gudleik akahamishia simu sikio la pili.

"Mama alikuwa anasema isipite mwaka haijaingia kwenye togwa."

"Najua alichokuwa anasema."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Sasa utaiacha ife? Haya, basi. Kama imekushinda, nikuletee hamira ya dukani, upike nayo ya sikukuu ya Yohana Mbatizaji. Siku hizi wengi wanafanya hivyo."

Herborg alikuwa akisema hamira ya dukani inachachua vizuri tu, ila haina adabu. Gudleik aliweka simu chini bila kuaga, akaenda kuitazama pete. Ilikuwa ya kijivu, kavu, nyepesi mkononi. Mara ya mwisho kuingia povuni ilikuwa mkesha wa Yohana wa mwaka uliopita, na mkesha mwingine ulibaki na siku tisa. Kifo cha mkewe kilimfika bila kuulizwa. Lakini chachu hii ikifa, itafia ukutani kwake, yeye amekaa anaitazama, na pamoja nayo litakwisha jambo la mwisho ambalo Herborg alilitoa kwao akalileta kwake. Hilo alikataa.

"Nitapika," aliiambia pete. "Lakini sipigi kelele."

Alikuwa amejiapiza siku ya maziko kwamba ukelele hautasikika tena kutoka shamba lile.

Jumatano alianza kazi mapema. Alitandaza matawi ya mreteni chini ya pipa la mbao, akamwaga kimea juu yake, akamimina maji moto yaliyochemka na matawi mengine mpaka yakawa na rangi ya chai. Wakati togwa linachuruzika taratibu, alichukua kikapu akapanda mteremkoni kuchuma machipukizi ya msonobari. Majirani wengi hutia mreteni peke yake. Machipukizi yalikuwa mambo ya Herborg, na yalikuwa na wiki mbili tu kwa mwaka, pale yanapotoka laini, ya kijani changa, kabla hayajawa sindano. Gudleik alitafuna moja. Lilikuwa kali kama ndimu. Herborg alikuwa akichuma moja anatia kikapuni, moja anatia mdomoni, na anasema muda wote, hata kinywa kikiwa kimejaa. Gudleik alikaa juu ya jiwe pale mteremkoni, akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa shati, akaendelea kuchuma.

Alichemsha togwa na machipukizi, akalimimina kwenye pipa jingine lipoe. Hapo akakwama. Ilikuwa kazi ya kiwiko, na katika miaka arobaini na miwili hakuwahi kutia kiwiko chake pale. Alikitia. Ni moto huu? Ni vuguvugu? Kiwiko cha mtu aliyechanja kuni maisha yake yote hakijui kitu. Alifikiri sana, kisha akaenda zizini, akamkamua Dagros, ng'ombe wao wa pekee, akarudi mbio na ndoo. Akasimama kati ya ndoo na pipa, kiwiko kimoja kwenye maziwa, kingine kwenye togwa, akisikiliza mikono yake. Ndoo ilikuwa inapoa na pipa linapoa. Mwishoni akaona afadhali atie sasa kuliko kumkamua tena Dagros, ambaye alikwisha kumtazama vibaya.

Pete ilikuwa imelala kwenye bakuli la togwa tangu asubuhi. Bakuli halikuwa limetoa hata kipovu kimoja. Alilimimina lote pipani, akakung'uta pete mpaka tone la mwisho, akairudisha ukutani.

"Haya," akasema, kwa sauti ya kumwambia mtu apishe njia.

Akafunika pipa kwa blanketi, akaenda kulala.

Asubuhi ya Alhamisi alifunua. Togwa lilikuwa limetulia kama maji ya kisima. Alilaza sikio ubavuni mwa pipa, akasikia moyo wake mwenyewe. Alichukua koti la sufu la Herborg akalizungushia pipa, akafunga vifungo vyote. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Kufika jioni togwa lingeanza kuchacha lenyewe, kwa vijidudu vya hewani, ingebidi limwagwe kijitoni. Na chachu yote ilikuwa mle ndani. Kwenye pete hakikubaki kitu cha kujaribia tena. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalikabili lile pipa lililovaa koti.

"Unataka nini?" akaliuliza.

Alijua linachotaka.

"Siwezi," akasema. "Ile sauti ilikuwa yako, Herborg. Mimi sina sauti. Na ulipiga, wakahesabu siku. Unataka nipige na mimi, wachukue vikombe?"

 Gudleik akasimama, akaondoa blanketi, akashika mti wa kukorogea, akavuta pumzi. Kilichomtoka mara ya kwanza kilikuwa mkwaruzo tu, hata kuku mlangoni hawakugeuza shingo. Lakini koo lilikwisha funguka. Akavuta pumzi ya pili, akakoroga togwa mpaka chini kabisa, na hapo ukatoka. Haukuwa ukelele wa Herborg. Wa Herborg ulikuwa na kicheko ndani yake. Huu ulikuwa wa mtu aliyekaa miezi minane amefunga mdomo, na wote ukatoka kwa mkupuo. Akamaliza pumzi, na bila kukusudia akapiga mwingine.

Ukavuka ziwa. Mbili.

Kisha kukawa kimya, akasikia kijito. Halafu ng'ambo mlango ukapigwa kwa kishindo. Mlango mwingine. Mbwa. Na sauti ya mwanamke, ikipasuka:

"Gudleik! Gudleik eee! Tunakuja! Usitikisike, tunakuja!"

Gudleik akatoka nje, mti wa kukorogea mkononi. Mashua tatu zilikuwa zimekwisha ingia majini. Mbele ilikuwa ya Anfinn, anayepiga makasia kama mtu anayefukuzwa, na Synneva amesimama mbele yake, jambo ambalo mtoto mdogo wa ziwani anajua halifanywi. Mashua ya pili ilibeba watu wanne na mlango. Mlango mzima, umeng'olewa bawabani, wa kumlazia majeruhi. Ya tatu ilikuja na blanketi, kamba, na shoka. Kabla mashua yao haijagusa gati Synneva akaruka, akaingia maji ya mapajani, akapanda mteremko anahema, mguu mmoja una buti, mwingine soksi.

"Umeumia wapi?" Alimshika Gudleik mabega, akamgeuza, akamgeuza tena. "Sema! Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Una damu?"

"Sina. Ni chachu."

"Ni nini?"

"Chachu. Nimepiga chachu."

Watu tisa walisimama wamemzunguka, wanatiririka maji, wengine bado wameushika mlango. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Anfinn, aliyekuwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, ndipo akajitazama.

"Chachu!" akasema. "Bwana we, mimi nimevuka ziwa na suruali ya ndani mbele za watu, kwa ajili ya chachu?"

Ilikuwa kweli, na ilikuwa ya sufu, yenye kiraka. Siku nyingine tungecheka mpaka tulie. Lakini Synneva alikuwa ameketi juu ya gogo la kuchanjia kuni, ameufunika uso kwa mikono miwili.

"Nilicheka," akasema.

"Synneva," Anfinn akaanza.

"Niache niseme. Siku ile nilicheka, Gudleik. Nilimsikia mara ya pili nikacheka, nikamwambia huyu, leo kapiga mbili. Nilikuwa na kiazi mkononi. Hakuwahi kupiga mbili hata siku moja, mimi najua, miaka yote ile hakuwahi, na sikujiuliza. Kila nikimenya kiazi namsikia. Nimepanda mashua hii kuja kukwambia, sijui mara ngapi, nafika katikati ya ziwa narudi. Ningekwambia nini?"

Gudleik alimtazama, akautazama mlima. Tukangoja akubali kwa kichwa, ndio mwisho, twende zetu. Badala yake akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

"Mimi nilikuwa hapo." Alinyoosha ule mti wa kukorogea kuelekea msituni. "Pale penye jiwe jeupe. Nyinyi mna ziwa zima katikati. Mimi nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote duniani, na nilikuwa na ule msumeno unanguruma. Nyinyi mlimsikia. Mimi mumewe sikumsikia. Nimewachukia miezi minane, si kwa sababu hamkuja. Ni kwa sababu mlimsikia."

Hapo ndipo tulipoelewa habari ya shoka, na mimi niliyesema anabana petroli nikaona aibu mpaka masikioni.

Synneva alinyanyuka kwenye gogo, akamkumbatia. Gudleik alisimama wima kama nguzo kwa muda, kisha akaweka mkono mmoja mgongoni kwa yule mama, na wa pili. Mti wa kukorogea ulikuwa bado mkononi, ukimdondoshea togwa kwenye gauni.

"Sasa hiyo chachu," Anfinn akauliza, "imeamka, au na yenyewe tuibebe kwenye mlango?"

Gudleik akatoa sauti fulani puani. Waliomjua walisema ni kicheko.

Tukaingia kibandani. Synneva aliliona pipa limevaa koti la Herborg, akasimama kidogo, akafungua kifungo kimoja baada ya kingine kwa upole. Kisha akapandisha mkono wa gauni, akatia kiwiko.

"Gudleik! Hili ni la baridi. Chachu hii inataka joto la homa, na wewe umeitia kwenye maji ya mvua. Herborg angekuchapa."

"Nilipima na maziwa ya Dagros."

"Ulipima na nani?"

Akaeleza, kwa maneno yake machache, habari ya ndoo na viwiko viwili. Sasa tukacheka, jamani, tukacheka wote, na Synneva alicheka na machozi bado yanamtoka. Tukawasha moto, tukachemsha ndoo mbili za togwa tukazirudisha pipani, Synneva anapima, anasema bado, anasema ongeza, anasema basi. Koti likarudishwa, vifungo vikafungwa. Gudleik akaleta kahawa, mkate mkavu na paja la kondoo la chumvi, tukaketi nje kwenye nyasi tukingoja, Anfinn amejifunga blanketi kiunoni kama malkia.

Ilipofika saa kumi na moja Gudleik aliinua mkono tunyamaze. Alikuwa ameketi na mgongo wake umeegemea ukuta wa kibanda, na alisikia kabla yetu. Ilikuwa sauti ndogo, ya mvua inayoanza juu ya bati la mbali. Tukafunua. Povu lilikuwa linapanda, la rangi ya krimu, na harufu yake ikatujaa: machungwa, msonobari, na nyumba ya Herborg. Watu waliosoma watakwambia ni zile ndoo mbili za moto. Wengine ziwani wanaapa kwamba ni zile kelele. Mimi sibishani na mtu, mimi nakunywa.

Gudleik aliiondoa pete ukutani akampa Synneva.

"Kesho povu likikomaa, njoo uichovye. Mimi sijawahi."

"Nitakuja."

"Na kikombe kimoja cha povu kiwe chako. Cha kupikia kwako."

Synneva aliipokea pete kwa mikono miwili. Jua lilikuwa bado juu, kama kawaida ya mwezi wa sita, tulipoteremka kwenye gati. Anfinn alikwisha shika makasia, na mlango ulikwisha lazwa kwenye mashua ya pili, Synneva alipogeuka.

"Gudleik, nikwambie ukweli. Ukipiga tena, mimi siwezi kukaa nikahesabu siku. Nitakuja mbio. Hata nikijua ni chachu, nitakuja."

Gudleik alimtazama, akautazama mlima.

"Njoo," akasema. "Kahawa itakuwepo."

Siku hizi ziwani kwetu mtu akipiga chachu, hata povu halijapanda, mashua imekwisha fika. Anayekuja anauliza, uko mzima? Anaambiwa, niko mzima. Anakunywa kahawa yake, anarudi kwake. Keshokutwa ndipo anakuja na kikombe.